Redio Koli ya Ukweni

Vijana wangu wa karakana, nimewaachia funguo, bisibisi na kile kiti chenye mguu mmoja mfupi. Mliniomba niandike kidogo juu ya kazi jinsi tulivyoifanya zamani. Vyeo sitavitaja kwa kuwa havikuwa vingi, na mshahara mnaujua wenyewe. Nitawaandikia habari moja tu, na hata hiyo naiandika nikiwa nimeinamisha uso.

Kila siku mlangoni kwenu husimama mtu mwenye maswali mawili. La kwanza analiuliza kwa sauti: simu janja gani ni ya bei nafuu na haitanisumbua? La pili huulizwa kwa sauti ya chini, hasa na mama mjamzito: hivi mawimbi yake hayadhuru? Nimewaona mkilicheka hilo la pili. Msilicheke. Mimi niliulizwa maswali hayohayo miaka ya tisini, Mpanda ikiwa bado ndani ya Mkoa wa Rukwa, na chombo chenyewe kilikuwa kikubwa kama sanduku la bati la mwanafunzi wa bweni.

Nilianza kazi kwenye hospitali ya misheni pale Mpanda nikiwa fundi msaidizi wa umeme. Aliyenipokea ni Mzee Sangija, Msukuma mrefu aliyekuja na treni kutoka Tabora na hakurudi tena. Siku ya kwanza alinipa kitambaa akaniambia nifute vumbi kwenye redio koli, ile mashine ya kuzungumza na vituo vya mbali, basi. Siku ya pili, vilevile. Nilipomuuliza nitafundishwa lini, akasema, "Unafundishwa. Mtu asiyejua vumbi linaingilia wapi hawezi kujua ugonjwa unaingilia wapi." Nilimwona mchoyo. Baadaye nikajua kwamba nusu ya mashine nilizoletewa kama mbovu hazikuwa na ubovu wowote ila vumbi, na mara moja panya.

Siku moja mganga mkuu aliniita. Zilikuwa zimepatikana fedha za kununulia redio za zahanati za mbali, naye akataka nichague mimi. Kulikuwa na aina mbili. Moja ilikuwa mpya, yenye chaneli nyingi, hivi kwamba watu wawili wangeweza kuhamia pembeni wakazungumza yao. Nyingine ilikuwa ya mtumba, imara, haili betri, lakini ina chaneli moja tu. Kwa fedha zilezile, ile mpya ingetosha zahanati moja, na ya mtumba ingetosha Kibaoni, Kasansa na kijiji kimoja cha vilima vya Mwese. Nilichagua ya mtumba, na leo ningechagua hiyohiyo. Mzee Sangija aliizunguka, akaipigapiga ubavuni, akasema, "Umewanunulia watu wote mdomo mmoja. Iko siku utatamani kunong'ona."

Kijiji hicho cha vilimani kilikuwa ukweni kwangu. Nilikuwa nimemwoa Leokadia mwaka uliotangulia. Kwa watu wa kule, mkwe na mama mkwe hawaonani uso kwa uso. Hawali pamoja, hawasemezani, hawatajani majina, ndiyo maana hata hapa jina lake silitaji ingawa ananilea katika mengi. Mkikaribia kukutana njiani, mama anakohoa. Ukisikia kikohozi kile unaingia majanini na kugeuza mgongo mpaka apite. Kwa muda mfupi niliokuwa mkwe, nilishakijua kikohozi cha mama yake Leokadia kuliko nilivyoijua sauti yake. Kilikuwa kifupi, kikavu, na mwishoni kinapanda kidogo kama swali.

Sasa fikirieni fundi anayetakiwa kusimamisha nguzo ukweni, apande juu yake, aanze kutazama nyua za watu kutoka angani. Shemeji yangu Deusi, aliyeteuliwa kuwa mtumishi wa redio, alinishauri nipande wakati wanawake wako mtoni. Lakini kabla ya kupanda palikuwa na mkutano, kwa sababu wanawake walikuwa wameikataa redio isikae zahanati.

Walikuwa na sababu. Baadhi yao waliwahi kupelekwa hospitali Mpanda, wakakuta mlango wa chumba cha picha za eksirei umebandikwa onyo kwamba mwenye mimba asiingie. Waliambiwa mle ndani kuna kitu hakionekani kinachopenya mwili. Leo wanaletewa mashine nyingine ya kutuma kitu kisichoonekana, na chumba cha kujifungulia kiko ukuta wa pili. Wewe ungekubali?

Niliwaeleza kama Mzee Sangija alivyonieleza mimi: mionzi ya picha na mawimbi ya redio si watoto wa baba mmoja, ukishika waya wa antena wakati mtu anaongea utaungua, lakini ukikaa mbali nao huna la kuogopa. Nilijiona nimesema vizuri. Ndipo nyuma ya kundi, kwa mama mmoja aliyekuwa amenipa mgongo na kujifunika kanga, nikasikia sauti. Hakuwa anasema na mimi. Alikuwa anasema na boksi la redio.

"Wewe boksi," alisema. "Huyo anayekusemea, hiyo mawimbi yako ameiona?"

Watu wakanitazama. Nilimgeukia Deusi nikamwambia, "Mwambie boksi sijayaona. Hayaonekani."

"Boksi," sauti ikaendelea, "kama hajaiona, amejuaje kama haina meno?"

Mkutano mzima ulicheka. Mimi niliangalia viatu vyangu. Nilikuwa na jibu la kitabuni, lakini mkwe habishani na mama mkwe hata kwa njia ya boksi, na kusema kweli, jibu la kitabuni lilikuwa la mtu mwingine. Mimi mwenyewe nilikuwa naamini tu.

Mwisho walikubaliana redio ijengewe kibanda mbali na zahanati. Kikaulizwa kiwanja, kila mtu akasema kwake kuna watoto, kwake kuna mwanamwali, kwake kuna ng'ombe mwenye mimba. Mama yule yule akaliambia boksi, "Njoo kwangu. Mimi nimeshazaa nimemaliza. Kama una meno utatafuna mifupa." Kibanda kikajengwa kwenye kona ya shamba lake la mahindi, ng'ambo ya bonde kutoka zahanati. Ndivyo mashine yangu ilivyokwenda kuishi kwa mtu pekee ambaye sikuruhusiwa kumwona.

Mambo yakaenda. Asubuhi kila kituo kilisoma taarifa zake na wengine wote walisikia, kwa kuwa chaneli ilikuwa ile moja. Maganga, mtumishi wa redio wa Kibaoni, alijua magonjwa ya tarafa nzima, na sokoni aliwapa watu pole kabla ndugu zao hawajapata habari. Tulimwonya, akasema, "Nyie mmenipa masikio, mnataka niyafunge na nini?" Deusi naye aliniambia mama yake hupeleka chakula chake kibandani lakini yeye havuki kizingiti. Hukiweka chini, anasimama huko nje kwenye mahindi, anamwangalia mwanawe anavyobonyeza na kuachia.

Kisha Leokadia akashika mimba. Mimba ya kwanza, kwa desturi ya kwao, mwanamke huenda kujifungulia kwa mama yake. Tumbo lilipokua, akaenda. Na mimi, mtaalamu niliyesimama mbele ya mkutano nikasema hakuna la kuogopa, nilianza kulala vibaya. Nilikuwa nimepima kwa macho umbali wa kutoka ile nguzo hadi dirisha la chumba alicholala mke wangu. Nikamwambia Deusi kwa siri amhamishie dada yake chumba cha upande wa pili wa nyumba. Deusi hakuwahi kuwa na siri. Wiki ile aliniletea ujumbe kwamba mama amemhamisha Leokadia, na wakati anahamisha kitanda alikiambia kitanda, "Twende, tunakimbia meno ambayo hayapo." Niliona haya mpaka nikashindwa kucheka naye.

Siku yenyewe ilikuwa asubuhi ya kawaida. Taarifa zilishasomwa. Deusi alikuwa njiani na baiskeli kuja Mpanda kuchukua dawa, kwa hiyo kituo cha kule hakikuwa na mtu. Mimi nilikuwa peke yangu kwenye chumba cha redio nabadilisha waya wa maiki. Spika ikafanya "kch", kama mtu amebonyeza. Nikasikia pumzi. Ikafanya "kch" tena, ameachia.

"Kituo kinachoita, jitambulishe, ova."

Akabonyeza. Pumzi. Kuku akalia kwa mbali. Akaachia.

Maganga akaingilia, "Mpanda, kuna mtu anachezea maiki huko, mwambie aache, tuna kazi, ova."

Ikabonyezwa tena, na safari hii nikasikia kikohozi. Kifupi, kikavu, kinapanda mwishoni.

Vijana wangu, niliinuka kwenye kiti, nikageuka, nikaipa redio mgongo. Miguu ilikuwa imeshaanza kutafuta majani ya kuingia. Nilisimama pale nikiangalia ukuta mweupe wa hospitali, mtu mzima, nikisubiri mama mkwe apite njia isiyokuwepo. Kikohozi kikaja mara ya pili, na ndipo akili ilipofika. Mama yule hakuwahi kuvuka kizingiti cha kibanda kile. Kama amevuka, ni kwa ajili ya Leokadia.

Nilirudi kwenye kiti. Nikashika maiki. Kumwita siwezi, kumuuliza siwezi, na yeye hawezi kunijibu. Ameijua sauti yangu, ndiyo maana anakohoa. Kama ningekuwa na mtu wa kumpa maiki ningempa. Nilichungulia nje, sikuona mtu ila wagonjwa. Nikalikumbuka boksi.

"Mti wa antena," nikasema. "Nasema na wewe, mti wa antena uliosimama kwenye shamba la watu. Sisemi na mtu. Kama hapo kuna mwenye neno akwambie wewe, na wewe utaniletea. Ova."

Nikaachia kitufe. Halafu ikabonyezwa.

"Wewe mti." Sauti ilikuwa imezibwa, nikajua ameweka kanga mdomoni hata pale alipokuwa peke yake. "Huko unakofika, mwambie mwenye mke kwamba mke anashindwa. Mtoto ametanguliza mkono. Muuguzi amemshikilia kule zahanati, hawezi kumwacha. Anasema gari ije." Akanyamaza lakini hakuachia kitufe. Nilisikia anavyohema, na nilisikia mahindi yanavyopigwa na upepo, na sikuweza kusema kitu kwa kuwa njia ilikuwa mkononi mwake. Nikawa naomba, achia mama, achia. Akaachia.

Nilikimbia dirishani. Daktari alikuwa chumba cha upasuaji, jengo la jirani, mikono yake imo ndani ya mtu. Nikapiga kelele, naye akapiga kelele bila kugeuka: gari litoke sasa hivi, na muulize maswali nitakayokupa. Dereva alizisikia kelele hizo kutoka nyuma ya jengo, akaondoka na gari. Maswali yakaanza kuja dirishani, na mimi nikawa nayapeleka kwa mti.

Sitawaandikia yote. Nilimuuliza mama mkwe wangu, kwa njia ya mti, kama maji yalishavunjika. Nilimuuliza damu inatoka kiasi gani. Nilimuuliza mkono wa mtoto una rangi gani, na uchungu unakuja kwa kupishana vipi. Alikuwa anajibu nusu, anaweka maiki chini, anashuka bonde hadi zahanati kumuuliza muuguzi, anapanda tena, anabonyeza akiwa hana pumzi. Umri wake haukuwa wa kukimbia mlima. Na kila neno la mwili wa mke wangu, na kila neno mkwe asilopaswa kulitamka hata akiwa usingizini, lilikuwa linaingia Kibaoni na Kasansa, maana mimi mwenyewe ndiye niliyenunua mdomo mmoja. Masikio yaliniwaka. Nilitamani umeme ukatike, na papo hapo nikajiogopa kwa kutamani hivyo.

Daktari aliposema inatosha, waambie mkono usivutwe, abebwe kwa machela wakutane na gari chini mlimani, nikaupa mti maneno hayo. Mti ukajibu, "Amesikia." Kisha chaneli ikawa tupu. Niliwasubiri watu waanze kusema. Baada ya muda Maganga akaingia, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu alikuwa ananong'ona: "Mpanda, hapa Kibaoni. Tunaacha njia wazi mpaka mgonjwa afike. Hakuna atakayegusa. Ova."

Leokadia alifika mchana umeshapita nusu. Alipasuliwa. Mtoto alikuwa wa kike, mkono wake mmoja umevimba na kuwa wa bluu, na alilia kwa hasira. Wote wawili walipona. Mama mkwe alikuwa amekuja na gari, akakaa nyuma ya jiko la hospitali ili nisimwone. Mimi sikujua, nikatoka kwenda kukaa nyuma ya jiko ili nisionekane na watu. Nikasikia kikohozi, nikazunguka kwa upande wa kufulia. Naye, akidhani nitabaki upande wa jiko, alikuja upande wa kufulia. Tuliizunguka hospitali alasiri yote, watu wawili wenye furaha moja, kila mmoja akimkimbia mwenzake. Wagonjwa walikuwa wanatuangalia kutoka barazani.

Sasa ndipo aibu yenyewe ilipoiva. Maganga aliacha njia wazi siku ile tu. Siku za mbele, kila nilipofungua redio asubuhi mtu aliniuliza, "Mti wa antena, umeamkaje?" Nilikwenda Kibaoni kufunga betri, mama ntilie akanikaribisha, "Karibu, Mti." Watu hawakuwa na ubaya, walicheka kama wanavyocheka walionusurika. Lakini mimi nilimwaza mama wa watu vilimani, ambaye hakuchagua redio wala chaneli, naye huko kisimani wanamwitaje? Sikupata wa kumuuliza.

Deusi akaniletea neno la wazee kwamba ukwe umeguswa, lazima usafishwe. Kila upande utoe mbuzi. Nilitoa wangu nikapanda naye Mwese. Mbuzi wakachinjwa, wazee wakasema maneno yao, mimi nimekaa upande huu wa nyumba na mama mkwe upande ule. Ilipokwisha nilidhani nimeruhusiwa kuondoka. Deusi akaja kunikalisha.

"Kuna jambo jingine," akasema. "Mama anataka mashine ihamishwe. Iende zahanati, pale pale ukuta wa chumba cha kujifungulia."

"Si yeye aliyekataa?"

"Anasema mtu anayezaa hawezi kusubiri mtu wa kupanda mlima. Na ile hofu yao ya meno, wanawake walimuuliza, yeye aliingia mle, imemtafuna wapi? Amewaambia kama mashine ile inakula kitu, ilishakula haya yake siku ile, na haina kingine cha kula kwao."

Deusi alilisema kama kichekesho. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimekaa na aibu yangu wiki nyingi, naipapasa kama kidonda, na kumbe mwenzangu alikuwa amebeba kubwa kuliko yangu, akaenda kuitumia kama mfano mbele ya wanawake kisimani ili mashine isogee.

Kesho yake tuliihamisha. Nguzo tuliisimamisha nyuma ya zahanati, nikaipanda na mkanda kiunoni na koleo mdomoni. Wanawake walikuwa mtoni, tulihakikisha. Nikiwa juu kabisa, mikono yote miwili kwenye waya, nikasikia kikohozi.

Anakuja na njia, ndoo kichwani, peke yake, kabla ya wenzake. Hapakuwa na majani ya kuingilia. Mkwe yuko angani juu ya kichwa cha mama mkwe, kama jogoo juu ya paa, na hakuna aibu iliyozidi hiyo katika nchi ile. Niliubana mti nikauficha uso wangu kwenye gome.

Nyayo zikafika chini ya nguzo, zikasimama. Alikuwa amenipa mgongo. Nilijua bila kuchungulia.

"Wewe mti," akasema taratibu. "Mshike vizuri mtoto wangu, asianguke."

Ilinibidi niteme koleo ili niweze kujibu. Lilianguka mbali na ndoo yake, namshukuru Mungu.

"Mti," nikasema, macho nimeyafumba, "mwambie umemshika."